Papa, Ni Mimi Niliyesema "Wazi"

Papa yangu,

Huku nyumbani tuko wazima, zaidi ya hapo siwezi kusema. Tangu asubuhi nimekaa mbele ya mashine yangu ya kushona na nimeshindwa kutia uzi kwenye sindano. Unanijua, mimi si mtu wa kushindwa na sindano. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema Feza ana roho ya shofere wa treni. Basi roho hiyo imenitoka.

Siku sita zilizopita gari ya Dido, mwanao wa mwisho, iligonga mtu wa baiskeli kwenye barabara ya Katanika. Dido ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkono wa kushoto. Mtu huyo hakufa, tumshukuru Mungu, lakini mguu wake umevunjika mahali pawili. Ni mguu wa kulia, Papa, kama wako.

Nimekuficha siku sita nzima. Najua marehemu hafichwi kitu, lakini nilijaribu.

Acha nianzie mbali kidogo, kule ambako mimi na wewe tulikuwa bado hatujakosana na barabara. Nilikuwa na miaka sita hivi. Ulikuwa unafanya kazi kwenye karakana ya treni za relwe, na kila asubuhi ulinipitisha shuleni juu ya kinga yako, ile baiskeli nyeusi yenye fremu nzito ambayo Mama aliiita mke mwenzake. Baba wengine waliwakalisha watoto kwenye poroti-bagaji, kile chuma cha mizigo cha nyuma, wakitazama mbele, wameshika kiuno cha baba. Wewe ulinikalisha kinyume. Mgongo wangu kwenye mgongo wako, miguu inaning'inia kando ya gurudumu la nyuma, uso unatazama kule tulikotoka. Ulinifunga na kitenge cha Mama nisianguke. Watu walicheka, wakasema Papa Feza anaenda kuuza mutoto sokoni. Ukawajibu kwamba wao wana macho mawili, sisi tuna manne.

"Feza, nyuma iko nini?"

"Iko kamyo, Papa."

"Mbali ao karibu?"

"Mbali."

Ulikanyaga kidogo, ukauliza tena.

"Sasa?"

"Karibu. Iko na mbio."

Ulishuka kwenye majani, ukaweka mguu mmoja chini, ukangoja. Kamyo ilipita na mizigo yake, vumbi likatufunika, ukatema mate pembeni, tukaendelea na safari. Hukuwahi kugombana na gari. Ulisema haki ya muntu wa kinga ni kitu cha kusemea nyumbani, baada ya kufika.

Siku moja nilikudanganya. Tulikuwa tunakaribia daraja, na kulikuwa na mbuzi amepanda juu ya paa la kibanda, sijui alipandaje. Mimi nilikuwa namkodolea macho huyo mbuzi. Ukauliza nyuma iko nini, nikasema hakuna kitu. Pikipiki ilipita karibu na goti langu mpaka sketi ikapepea. Ulisimama, ukanifungua kitenge, ukanishusha. Nilijua napigwa. Hukunipiga. Ulichuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa, ukasema, "Ukiona kitu, sema. Kama haujaona, sema haujaona. Lakini usiniambie iko wazi kama haujaangalia. Mimi naendesha na mudomo yako."

Nilikuwa na miaka sita, Papa, na nilielewa. Ndiyo maana leo sina pa kujificha.

Ulikuwa mtu wa masharti. Freni zilijaribiwa mlangoni kabla ya safari, ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Kitambaa chekundu kilichokatwa kutoka gauni ya zamani ya Mama kilifungwa nyuma ya baiskeli, na kikififia Mama alikata kingine. Jua likianza kuzama, ulishuka ukaisukuma kwa miguu hata kama nyumba ilibaki hatua mia mbili. Wenzako wa karakana walikutania kwamba unatembeza kinga kama mtu anayetembeza bibi harusi. Ulicheka nao, ukaendelea kusukuma.

Nilipofika miaka kumi na miwili nikaanza kuona haya. Wasichana wa darasa langu walisema natazama nyuma kama mzigo wa mihogo. Nikakuambia ninataka kwenda kwa miguu. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Sawa, Mama, umekua." Ukakunja kitenge ukampa mwenyewe.

Mwaka haukuisha. Ile gari iliyokugonga ilikuja kwa mbele, kwa hiyo macho yangu ya nyuma yasingekusaidia, nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Ilikuwa moja ya zile gari zilizonunuliwa Kigoma zikavushwa ziwa, zenye volan ya kuongozea upande wa kulia. Ng'ambo wanaendesha kushoto. Sisi huku tunaendesha kulia. Kwa hiyo shofere wa gari hizo huku kwetu anakaa upande wa majani, na akiwa nyuma ya kamyo haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya gari barabarani. Anayekaa kushoto ndiye anamwangalizia. Kalemie nzima tunakiita kiti cha macho. Shofere anauliza, "Kushoto?" na aliyekaa pale anajibu "Wazi" ao "Bado". Watu wanaaminiana hivyo, hata abiria ambaye shofere hajui jina lake.

Siku yako, kwenye kiti cha macho alikuwa amekaa mama mmoja wa kitenge cha kijani. Ulituhadithia mara nyingi. Gari ilichomoka nyuma ya kamyo, ikakufuata kwenye ukingo wako, na kabla haijakupiga uliona uso wa yule mama na yeye akaona wako. Ulipokuwa umelala chini ulimsikia shofere anawaambia watu, "Huyu muzee njo alijitupa." Watu wakamgeukia mama wa kitenge cha kijani, wakamuuliza ameona nini. Akasema, "Sikuona muzuri."

Basi. Maneno mawili. Baada ya hapo wewe ukawa mzee aliyejitupa.

Mguu ulipona vibaya, lakini si mguu uliokumaliza. Kinga ilitundikwa ukutani. Relwe wakakupa kazi ya kukaa mlangoni. Na watu, si kwa ubaya, walikusalimia, "Papa Feza, siku hizi unaangalia barabara?" Ulicheka nao kama zamani, halafu ukiingia ndani ulisema peke yako, "Nilikuwa upande wangu." Ulisema ukinawa mikono, ulisema ukifunga mlango. Mama alikuwa anaacha kuchambua dagaa na kumlaani yule mwanamke. "Mama wa kitenge cha kijani, Mungu anamujua," alisema. Mimi nilimchukia kuliko shofere. Shofere alikuwa anajitetea. Yeye je? Alikuwa anamtetea nani? Nilikuwa naenda soko na Mama, nikiona kitenge cha kijani natafuta uso juu yake.

Sasa nifike mahali ambapo miaka yote hii sikuwahi kufika, hata na Mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umekaa mlangoni na mguu umeunyoosha juu ya kiti kidogo, mimi nafua. Ukaniita. Ukauliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Feza, wewe unanijua barabarani. Mimi naweza kujitupa?" Nilikuwa nimechoka, Papa. Nilikuwa nimechoka na mguu, na hadithi, na kucheka kwa watu. Nikasema, "Sijui, Papa." Ukatikisa kichwa. Hukuniuliza tena mpaka homa ilipokuchukua, na maneno hayo ya "nilikuwa upande wangu" ukayaacha tangu siku ile. Mama alifikiri umesahau.

Dido hakumbuki hata siku moja uliyotembea sawasawa. Alikuwa wa miaka mitatu ulipogongwa. Amekuwa mrefu, ana meno yako na ubishi wa Mama. Amebeba mizigo bandarini miaka mingi, na mwaka jana akavusha gari kutoka Kigoma, ndogo, nyeupe, volan kulia. Mama alitoka nje akaitazama, akaizunguka, akarudi ndani. Hajawahi kuipanda. Dido alimbembeleza mpaka akachoka. Mama alimwambia, "Mwanangu, naibariki gari yako, lakini kile kiti cha macho mimi sikikalii." Mimi nilimcheka. Nilikuwa nakaa pale kila wiki, Papa, nikiwa na mifuko yangu ya nguo, nikisema wazi, bado, bado, wazi, kama mtu anayehesabu vifungo.

Jumanne nilikuwa napeleka yunifomu za shule moja kule Katanika. Asubuhi nzuri, jua halijawa kali. Mbele yetu kulikuwa na kamyo ya saruji inajikokota, inatupulizia moshi. Mteja mmoja alikuwa amenitumia kwa telefone picha ya gauni ya harusi, nami nilikuwa naivuta kwa vidole niikuze, nione mikono yake imeshonwa vipi pale begani. Dido akaniuliza mimi dada yake, "Yaya, kushoto?"

Nikasema, "Wazi."

Sikuinua kichwa. Nilikuwa naangalia mikono ya gauni. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea, na ndugu yangu mdogo akageuza volan kwa sababu ya mdomo huo.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia linaloshushwa chini na mtu aliyechoka. Nilipoinua macho kioo cha upande wangu hakikuwepo, na makala, yale makaa ya kupikia, yalikuwa yametapakaa barabarani, meusi, yanaviringika. Kinga imekunjika gurudumu la mbele. Kandambili moja katikati ya njia. Na mtu mzima, wa umri wako wa siku ile, amelala kwenye majani ya ukingo wake, kabisa kabisa upande wake, ananitazama. Hakumtazama Dido. Alinitazama mimi.

Nilikuwa bado nimeshika telefone, na ile gauni ilikuwa bado inawaka kwenye kioo.

"Yaya," Dido alininong'oneza, "si ulisema wazi?"

Nikamwambia, "Nyamaza."

Watu walijaa kama kawaida yao. Wengine walimbeba yule papa, wengine waliokota makala yake, na sitasema wote waliyarudisha. Alikuwa anasema kwa sauti ndogo, bila kulia, "Nilikuwa upande wangu. Jamani, nilikuwa upande wangu." Papa, nilitaka ardhi ipasuke. Halafu polisi wa barabarani alifika, kijana mpole tu, na kitabu chake. Akamuuliza Dido. Mwanao akajipangusa uso na mkono, akasema, "Huyu muntu wa kinga njo alijitupa."

Hakuna aliyemfundisha. Hakuwa na umri wa kukumbuka. Nadhani maneno hayo yanakaa tu barabarani yanangoja mtu wa kuyasema.

Polisi akanigeukia. "Na wewe, mama, uliona nini?"

Nikasema, "Sikuona muzuri."

Niliyasikia yakitoka. Nilijiona nje ya mwili wangu, kama mtoto wa soko anayetafuta uso juu ya kitenge, na uso nilioupata ulikuwa wangu.

Polisi akaandika, akachukua ile kinga iliyokunjika akaifunga kwenye uwanja wa biro yao, kituo cha polisi, kwa sababu aliyekosa ni mwenye kinga. Gari ya Dido ikaachiwa. Tukarudi mjini. Tulipofika mlangoni Dido alinishika bega, akasema, "Yaya, asante. Na mimi pia nimekulinda." Nilielewa. Kama angesema kweli, angesema ni mimi niliyemwambia wazi. Alinifunika, nikamfunika. Damu ni nzito kuliko maji, watu wanasema. Ilikuwa nzito kweli, nilishindwa kula.

Siku mbili nilishona. Nilishona mkono wa shati mahali pa kola, nikafumua, nikaushona tena palepale. Siku ya tatu nikapika bukari ya unga wa mahindi na samaki, nikafunga kwenye kitambaa, nikaenda hospitali. Sikuwa na mpango. Nilijiambia naenda kumwona mgonjwa, kama mtu yeyote mwenye adabu.

Anaitwa Papa Kisimba. Mtoto wake wa kwanza ni Kisimba, kama wewe ulivyoitwa kwa jina langu. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Alinipokea sahani kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Mama, Mungu akubariki. Watu wa gari ile, ni wewe peke yako umekuja." Nilitaka kukimbia. Nikakaa.

Nikamuuliza mgonjwa anasikiaje maumivu. Akasema maumivu yanaenda na kurudi, si mabaya. Halafu akatazama juu, kwenye dari, akaanza kuzungumza kama mtu anayejihesabia.

"Miaka kumi na nane napita ile njia, mama. Ninakaa kwenye majani siku zote, makala ni mengi, siwezi kucheza. Nilikuwa najua kabisa nilikuwa upande wangu. Lakini shofere alisema nilijitupa. Na wewe ulikuwa pale, ulikaa mbele, haukuona. Polisi ameandika. Watu wanakuja hapa wanasema, Papa Kisimba, pole, siku nyingine uangalie." Akageuza kichwa kwangu. "Labda nilijitupa kweli. Usingizi, labda. Sasa sijui tena."

Papa, hapo ndipo niliposhindwa. Si damu, si ule mguu uliofungwa mbao. Ni hayo. Kwamba mtu anaweza kuwa alikuwa mahali pake, barabara nzima shahidi, na baada ya siku tatu za maneno yetu mawili akawa hajijui tena. Nikakuona wewe mlangoni, mguu umenyooka juu ya kiti kidogo, unaniuliza kama unaweza kujitupa. Haukuwa umesahau, kumbe. Ulikuwa umeanza kutuamini.

Nikasema, "Papa Kisimba, haukujitupa."

Alinitazama. Mke wake akaacha kuchambua samaki.

"Ulikuwa kwenye majani," nikasema. "Shofere ni ndugu yangu. Aliniuliza kama njia ni wazi, nikamwambia wazi. Sikuangalia. Nilikuwa naangalia telefone."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alifunga macho, na machozi yakashuka pembeni mpaka masikioni, akasema polepole, "Kumbe mimi si kichaa." Mke wake ndiye aliyekasirika. Alisimama, akanirudishia kitambaa changu na sahani, chakula kikiwa bado ndani, akasema, "Hayo uliyosema hapa, nenda ukayaseme kule walikoandika." Alikuwa na haki yake. Nikatoka na bukari yangu.

Kesho yake nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, uani. Nilisema yote, na la mbuzi, na la telefone, na lile la "Sijui, Papa" ambalo hakulijua. Mkono wake ulisimama kwenye mchele. Nilingoja anilaani, maana laana ilikuwa tayari, ameikariri miaka yote hiyo. Mwisho akasema, "Kumbe na yule mama wa kitenge cha kijani, pengine alikuwa na ndugu yake kwenye volan."

Niliokota punje zilizoanguka kando ya ungo.

"Simusamehe," akaongeza. "Lakini sasa namuona." Akaanza tena kuchambua. "Njia ya mwongo ni fupi, Feza. Yenu imefika. Nenda biro ya polisi kabla haijafika kwa watoto wako."

Dido nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Alikuwa anafunga kioo kipya. Alisema, "Yaya, unaniua. Ile gari njo kazi yangu." Nikamwambia ile kinga pia ni kazi ya mtu. Akasema, "Watakufunga na wewe." Nikasema inawezekana. Akatupa bisibisi chini, akaniambia neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya baba yetu, akaingia ndani.

Nilienda peke yangu, kwa miguu, upande wa kushoto, nikiziangalia gari usoni kama ulivyonifundisha. Polisi alikuwa yuleyule kijana. Alinikumbuka. "Mama, siku ile ulisema haukuona muzuri."

"Sikuona kabisa," nikasema. "Sikuona muzuri ni uongo. Mwenye kuona muzuri na mwenye kuona vibaya wote wameangalia. Mimi sikuangalia."

Alinikazia macho, akafungua kitabu. Aliandika kwa Kifaransa, maneno mengi, kalamu inakwama anaitikisa. Alipomaliza akanigeuzia nitie sahihi. Nikamwomba kwanza anisomee kwa Kiswahili. Akasema, "Mama, Kifaransa haujui?" Nikasema najua, nataka kusikia. Akasoma. Alisoma vizuri, bila haraka, na alipofika katikati akasoma kwamba mtu wa baiskeli alikuwa kwenye ukingo wake, upande wake, na gari ndiyo iliyomfuata.

Nikamwomba arudie hapo. Alirudia. Nadhani alifikiri nina kasoro ya masikio.

Walimwita Dido saa ileile. Yuko ndani tangu juzi, na gari imefungwa uwanjani pale kinga ya Papa Kisimba ilipokuwa. Kinga imerudi kwa mwenyewe, imekunjika vile vile, mke wake aliikokota. Mimi wameniambia nisitoke mjini, wataniita. Hilo naogopa, sikufichi. Usiku na mchana naogopa. Dido hataki kuniona. Mama kila siku anabeba sahani mbili, moja hospitali, moja kwa polisi, na mke wa Papa Kisimba ameanza kuipokea, ingawa bado hasemi asante. Jana Dido alimuuliza Mama kupitia dirishani, "Muntu wa kinga anaendelea?" Mama akamjibu ana jina. Leo asubuhi akamuuliza tena, kwa jina.

Kinga yako bado iko ukutani. Nimeishusha. Matairi yamekufa lakini freni ya mbele bado inashika. Kile kitambaa chekundu cha mwisho kimekuwa rangi ya udongo. Uzi ukikubali kuingia kwenye sindano leo, nitashona viwili vipya, kimoja chako, kimoja cha Papa Kisimba, kama atakubali kitu kutoka mkono wangu.

Lakini si hicho kilichonikalisha hapa kuandika. Papa, uliniuliza swali nikiwa na miaka kumi na minne, nafua, na nimekuacha ukingoja jibu mpaka ukaondoka bila. Nakuomba unisamehe kuchelewa. Nilikupanda mgongoni miaka sita, nilijua unavyokanyaga, unavyosimama, unavyoshuka kwenye majani kabla hata sijamaliza kusema kamyo. Hapana, Papa. Wewe hauwezi kujitupa. Ulikuwa upande wako.

Safari hii nimeangalia kabla ya kusema.

Mimi macho yako ya nyuma,
Feza